Kura, Kigae na Kibarua: Maoni juu ya Istilahi za Wayunani na Warumi wa Kale

Mfasiri wa vitabu vya fizikia hulalamika kwamba hana neno. Mfasiri wa historia ya Athene na Roma ana malalamiko ya namna nyingine: maneno anayo tele, ila kila moja limekwisha kuwa na mwenyewe. Akitaka kumtaja mtawala, lugha humletea mfalme, sultani, liwali, akida na jumbe. Akitaka kutaja mkutano, humletea baraza, bunge, halmashauri na shauri. Maneno hayo hayakuzaliwa jana. Yamepita katika majumba ya masultani, katika maboma ya Wajerumani, katika misikiti na makanisa, na katika ofisi za serikali baada ya uhuru, na kila yalipopita yameokota maana. Katika makala haya tunakusudia kuyatazama machache miongoni mwao, kama yanavyotumika katika tafsiri, katika masomo ya shule na katika vinywa vya walimu, na kusema wapi yanatufaa na wapi yanatupotosha. Hatukusudii kutoa orodha. Orodha za istilahi tunazo. Upungufu wetu u katika kuzijadili.

Tuanze na majina ya watu wenyewe, kwani hata hapo hatujaafikiana. Jina "Wayunani" limetufikia kwa njia ya Kiarabu, na asili yake ni Waionia, yaani wale Wayunani wa pwani ya Asia Ndogo ambao mataifa ya mashariki yalikutana nao kwanza. "Wagiriki" limekuja kwa njia ya lugha za Ulaya, nazo zililipata kwa Warumi. Wenyewe hujiita Wahelene, jina ambalo hakuna aliyelichukua. Biblia ya Union ilishika Wayunani, vitabu vya jiografia vikashika Ugiriki, na mwalimu wa historia akabaki katikati. Sisi katika makala haya tunasema Wayunani kwa watu wa kale na Wagiriki kwa raia wa nchi ya leo, huku tukikiri kwamba tunawatenga kwa jina watu ambao lugha yao haikukatika.

Jina la Warumi lina mashaka zaidi. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate na ambao hati yake ina tarehe ya 1728, unasimulia vita na Herekali, mfalme wa Rumi. Herekali huyo ni Heraclius, aliyetawala Konstantinopoli toka mwaka 610 hadi 641, na lugha ya dola yake ilikuwa Kiyunani. Sura ya 30 ya Kurani nayo, inayoitwa kwa jina la Warumi, inawataja watu hao hao. Basi kwa msomaji wa tenzi, Mrumi ni mtu wa Konstantinopoli. Kwa msomaji wa Injili, ni askari wa Pilato. Na kwa mwanafunzi wa sekondari, ni mwananchi mwenzake Kaizari. Yote matatu ni sahihi, maana dola ilikuwa moja iliyoendelea kuishi mashariki baada ya kufa magharibi. Lakini mfasiri asiyesema ni Warumi gani anaowataja humwachia msomaji kazi isiyo yake. Yatosha kuandika "Warumi wa Mashariki" pale inapohusika.

Sasa tuje kwenye neno ambalo, kwa maoni yetu, limeleta madhara kuliko yote, ingawa hapana anayelishuku. Neno hilo ni kura.

Mnamo 508 K.K. Kleisthene aliwagawa raia wa Athene katika mafungu kumi, na kutokana na mafungu hayo likaundwa Baraza la watu 500, hamsini kwa kila fungu. (Mafungu hayo aghalabu hutafsiriwa "makabila", na mwanafunzi huyafikiria kuwa kama Wasukuma na Wakikuyu, ilhali yalikuwa mgawanyo wa kiserikali uliobuniwa makusudi ili kuvunja nguvu za koo kubwa.) Mwanafunzi huandikiwa hivi: wajumbe wa Baraza walichaguliwa kwa kura. Katika sentensi hiyo hakuna neno la Kiswahili lililotumika vibaya, na hata hivyo msomaji wa leo huielewa kinyume. Yeye akisikia kura huona karatasi, sanduku, msimamizi, mgombea na kampeni. Athene hapakuwa na mgombea aliyeshinda kwa kuungwa mkono na wengi. Majina yalitolewa kwa nasibu. Kwa mahakimu palikuwa hata na jiwe maalumu lililochongwa mianya midogo kwa safu. Kila raia alitia humo kibao chake cha shaba chenye jina, kisha vigololi vyeupe na vyeusi vikateremshwa kwa mrija, na rangi ndiyo iliyoamua safu ipi iingie mahakamani siku hiyo na ipi irudi nyumbani. Kila mwaka watu 6,000 waliandikishwa kwa nasibu kuwa mahakimu. Wale wakuu tisa waitwao arkoni, tangu 487 K.K., nao walipatikana kwa nasibu. Waliochaguliwa kwa maana yetu ya leo walikuwa hasa majemadari kumi, nao kwa kunyosha mikono, kwani vita haikuonekana kuwa jambo la kuachiwa bahati. Aristotle anaeleza bila kusitasita kwamba kuwapata viongozi kwa nasibu ni desturi ya demokrasia, na kuwachagua ni desturi ya utawala wa wachache.

Kinachotustaajabisha ni kwamba Kiswahili cha kale kilikuwa na neno barabara kwa jambo hili, na neno lenyewe ni hilo hilo kura. Asili yake katika Kiarabu ni bahati inayotolewa ili kuamua, na kamusi za zamani zililieleza hivyo. Katika Matendo ya Mitume, pale Mathiya alipopata nafasi ya Yuda, kura iliyomwangukia ilikuwa nasibu tupu. Hakuna aliyehesabu wangapi walimtaka. Kisha zikaja chaguzi za siku za kudai uhuru na baada yake, neno likahitajika kwa kazi mpya, na maana mpya ikaifukuza ya kale. Hatusemi kwamba lilikuwa kosa. Lugha hai hufanya hivyo. Kosa ni la mfasiri anayelitumia neno kama kwamba halijahama.

Tumewahi kusahihisha majibu ya mtihani ambamo wanafunzi kadhaa waliwapanga Waathene foleni mbele ya masanduku ya kura, na mmoja akawapaka hata wino kidoleni. Hatukuweza kumnyima alama kwa moyo mkunjufu, maana ni daftari lake lililomwambia hivyo. Na jambo hili si la darasani tu. Kila wakati wa uchaguzi hotuba huandikwa zikieleza kwamba sanduku la kura ni urithi tulioachiwa na Athene, na mtumishi anayezitafsiri huyapitisha maneno hayo bila wasiwasi. Ni rai yetu kwamba iandikwe "kura ya nasibu" kwa desturi ya Athene, na "kupiga kura" kuachiwa mahali ambapo watu walitoa uamuzi wao, kama mahakamani, ambako kila hakimu alitumbukiza kisahani cha shaba. Wapo wanaopendelea "bahati nasibu", lakini hiyo inanuka tikiti za zawadi.

Baada ya lawama hizo tunafurahi kutaja mahali ambapo Kiswahili hakihitaji msaada wa mtu. Waathene walikuwa na desturi ya kumhamisha mji kwa miaka kumi raia waliyemwogopa kwa nguvu zake, bila kumnyang'anya mali wala kumshtaki kwa kosa lolote. Kila raia aliandika jina kwenye kipande cha chungu kilichovunjika, na ilihitajika idadi ya vipande 6,000. Kipande hicho Wayunani walikiita ostrakon, na sisi hukiita kigae. Hakuna haja ya "ostrasismu" inayoonekana katika baadhi ya maandishi. "Kupigiwa vigae" linaeleweka na mfinyanzi na profesa. Aristeide alipigiwa vigae mwaka 482 K.K., na Themistokle baadaye. Katika kisima kimoja kando ya Akropoli vilifukuliwa vigae 190 vyenye jina la Themistokle, na wachunguzi walipoyalinganisha maandishi waliona ni ya mikono 14 tu. Inaelekea vilitayarishwa mapema ili wagawiwe wapigaji. Hapo, tunakiri, wino wa kidole ungefaa.

Tunapofika kwenye utumwa, mambo hugeuka kuwa mazito. Wafasiri wetu wengi hulikwepa neno mtumwa na kuandika mtumishi. Tunaielewa haya yao. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, hali ya utumwa yenyewe haikufutwa kisheria Unguja mpaka 1897, Kenya mpaka 1907, na Tanganyika mpaka 1922. Kuna mitaa ya pwani ambako hata leo neno hili halitamkwi kwa sauti mbele ya wageni. Lakini heshima hiyo inatugharimu ukweli. Akiandikiwa kwamba watumishi walichimba fedha katika migodi ya Laurioni, msomaji aliye mtumishi wa serikali atashangaa kujikuta machimboni. Fedha ya Laurioni ndiyo iliyojenga merikebu za kivita za Athene, na waliotambaa katika mashimo yale walikuwa watumwa walionunuliwa. Xenophon anasimulia kwamba Nikia alikodisha watumwa 1,000 kwa kazi hiyo, akipata oboli moja kwa siku kwa kila kichwa. Mwalimu atawezaje kueleza demokrasia ya Athene kwa ukamilifu iwapo istilahi imekwisha kuwapa watu hao mshahara na likizo?

Tena lugha yetu inayajua mambo haya kwa undani kuliko lugha nyingi zinazotafsiriwa, na hilo ni jambo la kusikitisha na la manufaa pamoja. Warumi walikuwa na neno verna kwa mtumwa aliyezaliwa nyumbani mwa bwana wake, aliyehesabiwa kuwa tofauti na yule aliyeletwa kutoka mbali, na mara nyingi aliyeaminiwa zaidi. Mfasiri wa Kiingereza hulazimika kulieleza kwa sentensi. Mswahili wa karne ya 19 alisema mzalia, naye alimtofautisha na mjinga, yaani mtumwa aliyefika karibuni na asiyejua desturi za pwani. Kwa kuwa leo "mzalia" huweza kumaanisha mwenyeji yeyote wa mahali, tunapendekeza "mtumwa mzalia", na mambo yaishe.

Mfano wa pili una utamu zaidi. Palikuwa Athene na watumwa walioishi mbali na mabwana wao, wakifanya kazi za ufundi au za kulipwa, na kumpelekea bwana sehemu ya walichopata. Hesabu za ujenzi wa hekalu la Erekthioni, za mwaka 409 K.K. na baada yake, zinaonyesha raia, wageni wakaazi na watumwa wakichonga mawe bega kwa bega, na kila mmoja akilipwa drakma moja kwa siku. Tofauti ilikuwa fedha ya nani iliishia kwa nani. Sasa turudi Unguja. Mtumwa aliyetolewa na bwana wake akafanye kazi ya siku katika nyumba za biashara, akapewa cheti kidogo cha kazi, na jioni akagawana ujira na bwana, huyo ndiye aliyeitwa kibarua, yaani mtu wa ile barua ndogo. Neno lilianzia hapo, kisha likahamia kwa mtu huru anayefanya kazi ya kutwa. Hatudai kwamba watumwa wale wa Athene waitwe vibarua bila maelezo, kwani kosa la kura lingerudi kwa mlango mwingine. Twasema mwalimu mwenye darasa la Kiswahili anao mfano ambao mwalimu wa London hana, na ni hasara kubwa kuuacha kwa sababu ya haya.

Kwa Roma tutakwenda haraka zaidi, isipokuwa mahali pawili au patatu.

Wafasiri wa Biblia walipomtafuta mtu wa kumfananisha na gavana wa Kirumi, walimwona liwali. Uchaguzi huo ulikuwa mzuri: liwali wa sultani aliwekwa na mtawala aliye mbali, akahukumu, akasimamia kodi, na aliweza kuondolewa kwa barua. Lakini Luka mwandishi wa Matendo alikuwa mwangalifu kuliko wafasiri wake. Galio wa Akaya na Sergio Paulo wa Kipro anawapa cheo cha juu, cha magavana wa majimbo yaliyokuwa chini ya Seneti. Pilato, Feliki na Festo wana cheo kingine. Kwa Kiswahili wote ni maliwali. Maandishi ya jiwe yaliyopatikana Kaisaria mwaka 1961 yanamwita Pilato kwa cheo cha kijeshi cha mkuu aliyewekwa, si kile alichopewa kimazoea na wanahistoria wa baadaye. Kwa ibada tofauti hiyo si kitu. Kwa historia tungependa "liwali" abaki kwa Pilato na wenziwe, na "prokonsuli" aingie kwa Galio. Ama "akida" kwa mkuu wa askari mia, neno hilo liliharibiwa na Wajerumani. Maana yake ya kwanza ilikuwa mkuu wa kikosi. Baadaye akida akawa mtu wa kukusanya kodi na kusimamia kazi za lazima, naye alikuwa miongoni mwa waliochukiwa na wapiganaji wa Maji Maji, 1905 hadi 1907. Msomaji wa historia aandikiwe "mkuu wa askari mia".

"Dikteta" ni mtego unaofanana na kura. Kwa Warumi kilikuwa cheo halali, cha wakati wa hatari, kisichozidi miezi sita. Cincinnatus, kwa mapokeo yao, alikishika mwaka 458 K.K., akashinda vita na kukirudisha baada ya siku 16, akaenda kulima. Kaizari alipojifanya dikteta wa maisha mwanzoni mwa mwaka 44 K.K., kilichowatisha Waseneta hakikuwa cheo, kilikuwa lile neno "maisha". Msomaji wa Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere, asiyejua hilo atashindwa kuona Bruto aliogopa nini. Neno lenyewe tusiliache. Liandikwe na muda wake.

"Baraza la Wazee" kwa Seneti lina mvuto, maana neno la Kilatini latokana na uzee. Hata hivyo Sparta walikuwa na baraza la watu 28 wenye umri unaozidi miaka 60, pamoja na wafalme wao wawili, na hilo ni Baraza la Wazee kwa herufi na kwa roho. Tuwaachie Wasparta. "Seneti" linajulikana Kenya tangu katiba ya 1963, na tena tangu 2013.

Tumesikia pia "makabwela" kwa watu wa tabaka la plebi na "waungwana" kwa wapatrisi. Tafsiri hiyo inafurahisha masikio na ni mbovu. Uplebi ulikuwa wa kuzaliwa, wala haukuwa wa mfuko: Crassus, aliyekuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Roma, alitoka katika ukoo wa kiplebi. Na muungwana ni mtu asiye mtumwa, hivyo waplebi wote walikuwa waungwana. Hapa tunakubali kushindwa, na kuandika mplebi na mpatrisi.

Mwaka 1971 Samuel Mushi alitupa Mfalme Edipode, tafsiri ya tamthilia ya Sofokle, na tunaiheshimu kazi hiyo iliyofungua njia. Tuna neno moja juu ya jina lake. Sofokle anamwita shujaa wake tyrannos. Tyrannos ni mtawala aliyefikia enzi bila kurithi, awe mwema au mbaya. Ubaya uliambatana na neno hilo taratibu. Edipode anaingia Thebe kama mgeni, analitegua fumbo, na mji unampa kiti. Anapogundua kwamba yeye ni mwana wa Laio, ndipo anapogundua pia kwamba kiti kilikuwa chake kwa urithi tangu mwanzo. Msiba na haki vinafika kwa mlango mmoja. "Mfalme", lililofuata mapokeo ya Kilatini na Kiingereza, linatoa siri kabla pazia halijafunguliwa. Hatuna badala iliyo bora, kwani "jabari" ni kali mno na "mtawala" limepauka. Lakini dibaji ya ukurasa mmoja ingemsaidia mwalimu.

Tumeweka mwisho maandishi yanayotugusa wenyewe. Katika karne ya kwanza B.K. mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kiyunani alitunga mwongozo wa safari za bahari, akataja pwani ya Azania na soko lake la mwisho, Rapta, penye pembe za ndovu na magamba ya kasa. Bahari yake anaiita Erythra, neno lenye maana ya nyekundu, na mara nyingi jina la kitabu huandikwa kwa Kiswahili kama mwongozo wa Bahari ya Shamu. Kwa jina hilo mfanyabiashara wetu hafiki mbali zaidi ya Jedda. Bahari ya Erythra ya Wayunani ilikuwa na Bahari ya Shamu ndani yake, pamoja na Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Hindi mpaka pwani yetu. Jina libaki Erythra. Na Rapta, asema mwandishi, palipewa jina kutokana na vyombo vya mbao zilizoshonwa, kwani ndiyo maana ya neno la Kiyunani. Tafsiri tuliyoisoma inasema "boti za kushonwa". Wazee wa Lamu waliojua chombo kisicho na msumari, kilichofungwa kwa kamba ya nazi, walikiita mtepe.